Uzoefu wangu: staki ya swichi tatu za Cisco Catalyst 2960-X hapa Tabora

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta kwa waya, na staki ni swichi kadhaa zilizofungwa pamoja zikafanya kazi kama moja. Kwa anayetaka jibu la haraka: zinafaa, na ningezinunua tena. Ila sababu yangu ya kuzinunua tena siyo ile wanayoitaja wauzaji. Ukiambiwa "ukifunga staki mtandao hauzimi", usilipie fedha yako maneno hayo. Faida niliyoiona ni kwamba porti 144 (matundu ya kuchomeka waya) nazisimamia kwa anwani moja ya IP, nenosiri moja na faili moja la mipangilio. Kwa mtu wa TEHAMA aliye peke yake mkoani, hiyo si faida ndogo.

Nipo kwenye chuo cha kati hapa Tabora Manispaa. Ofisi, maktaba, maabara mbili za kompyuta, kamera za ulinzi na Wi-Fi ya wanafunzi vyote vinaishia kwenye raki moja. Zamani tulikuwa na swichi tatu za kampuni tatu, kila moja na amri zake. Mhasibu akihama chumba, kazi yangu ilikuwa kutafuta waya wake umeingia swichi ipi na kama VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) ya uhasibu imefika huko. Mkuu wa chuo hana habari na VLAN. Yeye anapiga simu: "Mwalimu, mbona mfumo wa ada haufunguki?"

Tulinunua zilizotumika, kutoka duka moja la Dar es Salaam, mzigo ukaja na basi. Cisco iliacha kuuza mpya za aina hii mwaka 2022, ndiyo maana siku hizi zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia. Hapo ndipo pa kufungua macho, kwa sababu si kila 2960-X inaingia kwenye staki. Modeli inayoishia na LL haiwezi kabisa. Inayoishia na L moja, kama WS-C2960X-48TS-L tulizochukua sisi, inaweza, lakini moduli ya FlexStack-Plus inayochomekwa kwa nyuma pamoja na kebo zake ni vitu vya kununua pembeni. Muulize muuzaji mapema, maana wengi hukutajia bei ya swichi tupu.

Sisi tuliletewa moduli tatu na kebo mbili. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Mbili zinatosha, kaka." Kuunganisha swichi tatu zinatosha kweli, ila duara halifungi. Kila moduli ina porti mbili. Swichi ya kwanza inakwenda ya pili, ya pili inakwenda ya tatu, na ya tatu lazima irudi ya kwanza. Duara likifunga unapata Gbps 80 (gigabiti kwa sekunde). Likiwa wazi unabaki na nusu. Kasi hiyo kwetu wala si hoja, intaneti yetu haitaifikia leo wala kesho. Hoja ni kwamba bila ile kebo ya kurudi, swichi ya katikati ikizima, ya juu na ya chini hazionani tena. Kila moja inajiona ndiyo staki, na zote mbili zinashikilia anwani ileile ya IP. Vurugu yake si ya kuitafuta. Nilikomaa mpaka kebo ya tatu ikaja. Zipo za nusu mita, mita 1 na mita 3. Kwa kuwa kwenye raki yetu kuna pachi paneli (kibao cha kuunganishia waya) katikati ya swichi, ya kurudi tuliagiza ya mita 1.

Kufunga kwenyewe si kazi. Unazima zote, unachomeka moduli, unakaza skrubu za kebo, unawasha. Kilichonipa kazi ni historia za swichi zenyewe. Moja ilikuja inajiita namba 4, kumbukumbu ya staki iliyoitumikia kwa mwenye nayo wa zamani. Nilikuwa nimeshafuta mipangilio yake yote, lakini namba ya staki haifutiki kwa `write erase`, wala kipaumbele. Inabidi uipe amri ya `switch 4 renumber 2`, kisha uiwashe upya. Nyingine ilikuwa na IOS (programu inayoiendesha swichi) ya zamani, na kwenye `show switch` ikasoma Version Mismatch badala ya Ready. Inaonekana kwenye orodha lakini haifanyi kazi. Kwa amri ya `archive copy-sw`, masta (swichi inayoongoza staki) aliigawia programu yake, ikawaka upya, ikaingia.

Namba hizo msizidharau. Porti inaitwa 2/0/17, maana yake swichi ya pili, porti ya 17. Nilichukua maka peni nikaandika 1, 2, 3 kwa ukubwa wa kusomeka ukiwa mlangoni.

Masta anachaguliwa kwa kipaumbele, kuanzia 1 hadi 15, na kiwandani zote zinatoka na 1. Usipogusa kitu, mwenye anwani ndogo ya MAC (namba ya utambulisho kutoka kiwandani) ndiye anashinda, na mara nyingi huyo ndiye mzee kuliko wote. Ya juu niliipa 15, ya pili 14, ya tatu nikaiacha. Hizo mbili za juu ndizo zenye waya za kwenda kwenye ruta, moja kila swichi, zimefungwa pamoja kwa LACP (utaratibu wa kufanya waya kadhaa zifanye kazi kama mmoja), ili mmoja akifa mwingine abebe. Niliongeza pia `stack-mac persistent timer 0`, ili masta akibadilika anwani ya MAC ya staki isibadilike. Na masta aliyezimika akirudi hanyang'anyi kiti. Anakaa kama mwanachama wa kawaida mpaka staki nzima iwake upya.

Sasa lile suala la "hauzimi". Kuanzia Novemba mpaka Aprili Tabora ni mvua na radi, na umeme unakuja na kuondoka. Swichi zote tatu zinakula kwenye UPS (betri ya akiba) moja. UPS ikiisha, zote tatu zinalala kwa pamoja, na hapo staki haina la kukusaidia. Kuboresha programu ni hivyohivyo: staki nzima inawaka upya, chuo kizima kinasubiri. Mimi hufanya kazi hiyo Jumapili jioni. Halafu 2960-X ina pawa saplai moja ya ndani isiyochomoleka. Ikifa, swichi imekufa. 2960-XR ndiyo yenye nafasi ya mbili.

Ile ya tatu ilitufia msimu wa mvua, nami nipo Nzega msibani. Kabatini tulikuwa na ya akiba, modeli ileile, programu ileile, imefutwa, namba yake 1. Aliyekuwepo chuoni ni binti wa mafunzo kwa vitendo, hajawahi kugusa raki.

"Shikamoo mwalimu. Maabara ya pili yote haina mtandao."

"Marahaba. Swichi namba 3 ina taa?"

"Haina hata moja."

Nikamwambia apige picha ya waya zote kwanza, aing'oe, ahamishe moduli, aweke ya akiba ikiwa imezimwa, arudishe kebo za staki na kila waya kwenye porti yake, ndipo awashe. Ilipowaka ikakuta namba 1 ina mwenyewe, ikachukua ndogo iliyo wazi, ambayo ni 3, na masta akaikabidhi mipangilio yote ya marehemu. VLAN za maabara zikarudi bila mtu kuandika amri hata moja. Muda wote huo ofisi na maktaba zilikuwa zinafanya kazi, duara lilipasuka upande mmoja tu. Kwa zile swichi zetu za zamani ningeondoka msibani, hilo sina shaka nalo.

Kwa hiyo ukihitaji tatu, nunua nne. Ya nne ndiyo inayoipa staki maana huku kwetu.

Nani asihangaike nayo? Mwenye steshenari ya Kanyenye na kompyuta 20: swichi moja ya porti 24 inamtosha na chenji inabaki. Wala mwenye majengo mawili yaliyoachana, kwa sababu kebo ndefu kuliko zote ni mita 3. Huyo atumie faiba ya kawaida kati ya swichi na swichi. Na kwa kuwa ni mashine za umri, anwani ya kuzisimamia iweke kwenye VLAN yake, wanafunzi wasiifikie.

Kabla hujatuma fedha, mwombe muuzaji picha ya kibandiko cha modeli na ya majibu ya amri ya `show version` swichi ikiwa imewaka. Akileta longolongo, tafuta duka jingine.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile pawa saplai moja.