Bahasha za dawa Tanga: aina tatu, na kinachoandikwa juu yake

Ukisimama kwenye dirisha la dawa hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, vidonge vyako vitakuja ndani ya moja ya vitu vitatu: bahasha ya kaki isiyo na maandishi, bahasha nyeupe iliyopigwa chapa, au kifuko cha plastiki cha kubana mdomo. Ni kitu rahisi kuliko vyote vilivyomo humo kituoni, ndiyo maana vituo vingi huagiza chochote kilichopo bila kukitazama mara mbili. Wanakosea. Mgonjwa akishafika nyumbani, daktari hayupo na mtoa dawa hayupo. Anayesema naye ni bahasha. Tena mara nyingi aliyepokea dawa dirishani si mgonjwa, ni mjukuu aliyetumwa na baiskeli, akasikia nusu ya maelezo huku anaichungulia baiskeli yake.

Ya kaki ndiyo kongwe. Inashika wino wa kalamu ya kawaida vizuri, na sifa zake zinaishia hapo. Unyevu wa pwani unapita kwenye kaki bila hodi: kapsuli za amoksilini zilizomwagwa humo bila karatasi yake ya alumini hulainika na kushikana, na vidonge vya zinki vya watoto, vilivyotengenezwa viyeyuke kwenye kijiko cha maji, huanza kumong'onyoka kabla havijaonana na hicho kijiko. Kama ni kaki tu iliyopo, vidonge vitoke pamoja na alumini yake. Na mkasi ukiacha nyuma kipande chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, tarehe hiyo iandikwe kwenye bahasha.

Kifuko cha plastiki kinazuia unyevu, na mgonjwa anaiona dawa bila kufungua. Lakini hakiandikiki. Kalamu inateleza, makapeni inashika, kisha inafutika kwa mkono wenye mafuta, na jikoni kwetu mkono hautoki kwenye nazi. Kabla ya kununua pakiti nzima, jaribu kimoja: andika, subiri dakika moja, paka kidole tone la mafuta, sugua mara tatu. Tarakimu ikififia, kifuko hicho kinafaa tu kikibandikwa lebo ya karatasi. Jambo la pili ni kwamba kinaonyesha. Jirani kwenye daladala naye anaona kilichomo, na ziko dawa ambazo hilo pekee linatosha kumfanya mtu azifiche mahali asipozikumbuka tena.

Tuliyoichagua ni nyeupe ya chapa, ingawa ndiyo yenye makosa mengi, kwa sababu makosa yake yanarekebishika kwa kalamu. Huwa na mstari wa jina, wa dawa, wa tarehe, na visanduku vyenye picha za jua na mwezi. Chukua isiyopungua upana wa sentimita 8 na urefu wa 12. Ndogo zaidi ya hapo mwandiko unabanana hadi 1 inafanana na 7.

Zitazame hizo picha kwa karibu. Asubuhi ni nusu jua juu ya mstari. Jioni nayo ni nusu jua juu ya mstari. Toleo moja limejaribu kuzitenganisha kwa kuchora mawimbi chini ya jua la jioni, na hapo ndipo limeharibu kabisa: kwa mtu wa Tanga jua juu ya bahari ni asubuhi, jioni linazama upande wa Usambara. Chini ya kila picha andika saa, na kwa mzee ambaye siku yake inakwenda kwa adhana, taja na swala: baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri, baada ya isha. Wako bibi zetu waliosoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu wanazisoma bila taabu na hizi zetu zinawapiga chenga. Kwao chora: miduara miwili chini ya jua ni vidonge viwili, nusu duara ni nusu kidonge.

Nyingine zimekuja zimeshapigwa chapa ya saa za kizungu: 8, 2, 10. Mgonjwa anazisoma kwa saa zake. Atameza saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, ambazo kwa bahati tu ndizo zilizokusudiwa, kisha saa 10 alasiri atameza tena. Dozi mbili ndani ya saa mbili, halafu saa 16 bila kitu. Tarakimu hizo zikatwe kwa kalamu, zote, kabla vidonge havijaingia.

Halafu kuna "1x3" na tafsiri yake ya mdomoni, "kimoja kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu kuche hadi kuchwe. Mtu anayeijua lugha yake atameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, na usiku mzima wa saa 13 unapita mtupu. Kwa panadol ya kichwa hakuna tabu. Kwa amoksilini ya kila baada ya saa 8 hilo ni pengo. Andika: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Pembeni weka idadi uliyotoa. 1x3 kwa siku 7 ni vidonge 21, na mgonjwa akihesabu nyumbani akapata 18, atarudi siku hiyohiyo, si siku ya sita. Jina nalo liandikwe lote. Nyumba moja ya Ngamiani inaweza kuwa na Mwanaidi watatu, mmoja ana presha.

Dawa mseto ya malaria inadai maneno kuliko dawa nyingine zote zinazopita dirishani. Enzi za SP, dawa ya malaria ya zamani, mtu mzima alimeza vidonge vitatu kwa mkupuo, yamekwisha. Sera ilipobadilika mwaka 2006, vitatu vikawa 24: vinne kila mara, mara sita, siku tatu. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazofuata ni kila baada ya saa 12. Aliyeanza saa 4 asubuhi anameza tena saa 12 jioni, kisha saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa siku mbili zilizobaki. Huyo hana shida. Mwenye shida ni aliyeanza saa 10 alasiri: ya pili inamwangukia saa 6 usiku, na asipoambiwa atege simu imwamshe, ataimeza kesho yake. Siku ya pili homa inashuka, vidonge vinane vinawekwa akiba "ikirudi tena", na kweli inarudi. Pakiti ya kiwandani ina picha zake, usiivunje. Itie kwenye bahasha ilivyo, juu andika saa za dozi zote sita, na uongeze "na maziwa au chakula chenye mafuta", kwa kuwa dawa hii haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Wali wa nazi unafaa.

Mstari unaokosekana kwenye aina zote tatu ni wa njia: kumeza, kupaka, kuweka. Kosa linalotokana na hapo linajulikana na kila aliyekaa dirishani. Mama amepewa vidonge vya kuweka ukeni. Foleni iko mgongoni mwake, mtoa dawa ni kijana anayeona haya, anainamisha macho na kusema "utatumia kimoja usiku". Kidonge kinamezwa, na muwasho uko palepale. Bahasha iandikwe HAVIMEZWI kwa herufi kubwa, na maneno mengine yasemwe pembeni, kwa sauti ya chini, na mtoa dawa wa kike kama yupo. Wanaume nao wana lao: mwenye busha hatalitaja mbele ya watu, atasema "mshipa" na kunyamaza, na asipoitwa kando ataondoka na dawa ya maumivu tu.

Hata bahasha iliyoandikwa vyema inahitaji nusu dakika ya mdomo, na vituo vingi vinaipoteza kwa kuuliza "Umeelewa?" Jibu la swali hilo kwa watu wa adabu ni moja tu. "Nimeelewa, mwanangu." Bibi hawezi kumwambia kijana wa watu kwamba hakueleza vizuri. Kituo kimoja cha barabara za ndani Ngamiani kimelipatia dawa: mtoa dawa anasalimia, anakabidhi, kisha anasema, "Bibi, hebu nisomee nilivyokuandikia, nisije nikawa nimekosea mimi." Kosa limehamia kwake, bibi yuko huru kusema. Akisema "kimoja asubuhi, kimoja jioni" na bahasha inasema vitatu, limegundulika pale pale. Na aliyetumwa aulizwe hivyohivyo, hata akiwa na miaka kumi. Udhaifu wa kituo hicho ni kwamba mchana foleni ikirefuka mtindo huu huachwa, na wanaokuja mchana ndio wenye haraka.

Ramadhani dirisha zima linabadilika. Mwenye 1x3 ataruka ya mchana bila kusema, na akiulizwa siku ya marudio atasema amemeza zote, kwa maana zimeisha, ameziunganisha mbili wakati wa futari. Ulizeni mapema: "Unafunga?" Akijibu ndiyo, mtoa dawa asigawe upya kwa kichwa chake. Ampigie simu aliyeandika cheti, aulize kama ipo dawa ya mara mbili, ya futari na ya daku. Kwa mwenye sukari simu hiyo haina mjadala. Mabadiliko yaandikwe kwenye bahasha na kwenye cheti, pote pawili, maana zamu ya jioni inasoma cheti na mgonjwa anasoma bahasha.

Mambo madogo. Vidonge vya kuongeza damu viandikwe "si pamoja na chai", la sivyo chai ya rangi ya asubuhi inaila faida yake. Kila dawa na bahasha yake, hata kama zote ni za mtu mmoja na bahasha zinakaribia kwisha. Mdomo ukunjwe mara mbili, upande wenye maandishi ukae nje. Stepla iwekwe mbali: pini inatoboa alumini na kuruhusu unyevu, na ikidondoka sakafuni, mtoto anayetambaa ndiye wa kwanza kuiona.