Msimu wangu wa pili kwenye chama cha kubadilishana wanafunzi wa sheria

Kila bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wananifuata na swali lilelile: "Kaka, kile chama cha kubadilishana wanafunzi wa sheria kina faida au ni kula hela tu?" Nimekuwemo misimu miwili hapa Mwanza. Nimechoka kujibu kipande kipande kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo naandika mara moja. Jina la chama naliacha, maana humu mna malalamiko na wahusika wanajijua.

Ada ni 15,000 kwa mwaka. Wazo lenyewe si geni: Ulaya wanalo tangu 1981, wanafunzi wa Austria, Hungaria, Poland na Ujerumani Magharibi walipoanzisha ELSA, chama cha wanafunzi wa sheria wa Ulaya, kule Vienna, wakati bara lao bado limekatwa vipande viwili. Chetu ni kidogo na hakihusiani na kile. Kinaunganisha vyuo vichache vya kandokando ya Ziwa Victoria, na upande wa Kongo. Kuna kwenda kwa wenzako na kuna kupokea wenzako. Mabango yote yanatangaza kwenda. Nami nilianzia huko, na huko ndiko nilikolizwa.

Safari ilikuwa ya Kisumu, siku nne, 180,000 mbali na ada. Tulipanda basi Nyamhongolo alfajiri. Kufika Sirari, mwenzetu mmoja hana hati ya kusafiria wala hajawahi kuambiwa kwamba ataihitaji. Alihangaika dirishani saa tatu nzima huku dereva akipiga honi na abiria wengine wakitutazama kama sisi ndio tuliochora mpaka. Kisumu kwenyewe ratiba ilisema tungekaa mahakamani kusikiliza kesi. Kumbe barua ya kuomba nafasi haikuwahi kuandikwa. Tukapelekwa ufukweni kula samaki. Samaki! Mtu katoka Mwanza, kalipa laki na themanini, akale sato Kisumu. Cheti kilikuja miezi saba baadaye, jina langu limekatwa herufi ya mwisho, na hadi leo sijarekebishiwa.

Nilikuwa nimeshaamua kutolipa tena. Kilichonirudisha ni kupokea wageni, jambo ambalo hakuna anayeligombania kwa sababu halina picha ya pasipoti.

Msimu uliofuata walikuja watu sita kwa wiki moja. Kaka mmoja wa Kisumu alilala gheto kwetu, kwenye godoro la kuazima. Dada mmoja wa Bukavu alipokelewa na wenzetu wa kike. Tulidhani huyu dada ndiye atakayetupa shida ya lugha. Wapi. Kiswahili chake kilikuwa na "batu" na "aksanti", lakini kilikwenda mbio kuliko cha wengi wetu. Shida ikatokea kwingine kabisa. Jioni ya kwanza, tukiwa kwenye ugali na dagaa, akatuambia: "Baba yangu mudogo iko magistrat." Sisi tukaelewa hakimu. Tukamuuliza anasikiliza kesi za aina gani. Akasema hasikilizi, anashitaki. Kimya. Mwenzangu akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Kwao Kongo, kwa kufuata mfumo walioachiwa na Wabelgiji, anayehukumu na anayeendesha mashtaka wote ni wa kada moja. Wanawatofautisha kwa kusema wa kukaa na wa kusimama. Dada akainuka na sahani yake mkononi kutuonyesha: huyu kasimama anashitaki, huyu kakaa anahukumu, na wote wanaitwa magistrat. Kisha akatugeuzia kibao. Kwa nini hukumu zenu zimejaa kesi za watu wengine, tena za miaka mingi iliyopita? Kwao unaanza na kifungu cha sheria, basi. Tukaanza kumweleza jinsi uamuzi wa mahakama ya juu unavyoifunga ya chini, na hapo ndipo tulipoumbuka. Tangu 2021 sheria inasema Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini sisi darasani tunasomea Kiingereza, kwa hiyo maneno tukawa tunayapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilijifunza zaidi usiku ule kuliko katika wiki kadhaa za kunakili slaidi.

Siku ya nne tulivuka na kivuko cha Kamanga, kutembeza wageni tu. Katikati ya maji yule kaka wa Kisumu akauliza, "Haya maji ni ya nani?" Tukamjibu kwa kiburi cha wenyeji: nusu ya ziwa ni yetu. Akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kuwa katika nchi ilizozitawala, hakuna mradi utakaojengwa kwenye Nile au maziwa yanayoulisha, ukaipunguzia Misri maji, bila Misri kuridhia. Halafu akauliza nani kati yetu anajua Nyerere alifanya nini. Watanzania tulikuwa watano. Hakuna aliyejibu.

Akatufundisha yeye, Mkenya, juu ya kivuko chetu. Tanganyika ilipopata uhuru, Nyerere alikataa kubeba mikataba ya mkoloni ikiwa imefungwa kifurushi. Ile ya nchi mbilimbili aliipa miaka miwili ipitiwe. Usiokubaliwa upya ndani ya muda huo ungekufa, isipokuwa kama sheria ya kimataifa yenyewe inaudumisha. Na Julai 1962 serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Msimamo huo umebeba jina la Nyerere, na wanafunzi wa sheria wa nchi nyingine wanausoma.

Mwenzetu mmoja wa Misungwi ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Kwani ule mradi wa Ihelele?" Pale maji ya ziwa yanavutwa, yanapandishwa, yanapelekwa hadi Shinyanga na Kahama, bila kusubiri Misri iridhie. Yeye amekulia jirani na yale mabomba na hakuwahi kuyaona kama hoja ya sheria. Kaka wa Kisumu akakubali, nasi tukapata pa kulipizia: mkataba mpya wa bonde la Nile ulifunguliwa kusainiwa Entebbe 2010, na ulipoanza kutumika Oktoba 2024 Tanzania ilikuwa imesharidhia, Kenya imesaini tu. Alicheka hadi konda akaja kuangalia kuna nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza: ada ya 15,000 lipeni. Hela ya safari msitoe kabla hamjaoneshwa barua za mialiko zenye mhuri, na risiti dai siku hiyohiyo. Kama lengo lako ni cheti cha kuweka kwenye maombi ya kazi, utasubiri, na kisome vizuri herufi kwa herufi kikifika. Uongozi wa sasa unajibu ujumbe haraka kuliko wa mwanzo. Hilo niwape haki yao.

Mimi nimeshalipa ya mwaka huu. Safari inayotangazwa sasa ni ya Kampala na sijajiandikisha. Nimeandikisha gheto letu kwa mgeni mmoja, na yule mwenye godoro ameshanitumia ujumbe kuuliza tunalihitaji lini.