Hema zuri, zipu ya kuazima

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande.

Tulilinunua kwa ajili ya skauti wetu, kikosi cha watoto wanane, kwa michango ya kudunduliza. Urefu na uzito someni wenyewe kwenye boksi. Mimi nina neno na zipu.

Kambi ya tatu tu. Usiku wa manane, mvua imeshika kasi, nasikia kasauti gizani: "Kiongozi, mlango umekataa kufunga." Nikatoka na tochi. Kichwa cha zipu kinateleza vizuri kabisa, ila kikishapita, meno nyuma yake yanabaki yamekenua. Upepo unasukuma mvua ndani, watoto wamejikunyata pembeni kama vifaranga, na mimi niko nje nimeushikilia mlango kwa mikono miwili. Aliyetuokoa ni binti mdogo kuliko wote, alikimbilia kamba ya nguo akarudi na vibanio. "Uwe tayari" tunaiimba kila siku. Usiku ule yeye peke yake ndiye alikuwa tayari.

Nikampigia muuzaji. Yule bwana wa huduma kwa wateja hata salamu hakuitikia. Akaniuliza, "Mliwaachia watoto wafungue wenyewe?" Jamani! Hema la skauti afungue nani, bawabu? Akasema dhamana haihusu matumizi mabaya, akakata simu.

Nilikuwa nimeshaamua kulirudisha hadi kwenye kaunta yake. Kabla sijaenda, mzee mmoja aliyeongoza skauti tangu mimi sijazaliwa akaliangalia, akapitisha kidole kwenye meno ya zipu, akanionyesha: mchanga. Mchanga husaga kichwa kwa ndani, kikalegea, kisiweze tena kuyabana meno. Akachukua koleo, akakiminya upande huu kidogo, upande ule kidogo, taratibu kwa sababu chuma chake hupasuka ukikitumia nguvu. Zipu ikafunga! Nikaona haya. Kambi tatu, na hakuna aliyewahi kuipitishia hata brashi.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, nimalizie. Hema letu jingine tulilifungasha likiwa na umande, tukalisahau stoo. Tulipolifungua, utando wa ndani wa sakafu ulikuwa unanata, unabanduka kama ngozi iliyoungua, harufu ya kitu kilichochacha. Ule utando wa poliyurethani, plastiki ya kuzuia maji, ukishaliwa na unyevu ndiyo basi tena. Hilo simlaumu mtu. Siku hizi hakuna hema linaloingia mfukoni kabla sijapapasa mishono yote kwa mkono, na tunaanika kivulini, maana jua nalo hula kitambaa.

Tukirudi kwa hili la zipu, fito zake za alumini ni imara. Zile za nyuzi za kioo za hema letu la zamani zilikuwa zinachanika na kuacha vibanzi kwenye vidole vya watoto. Mishono haijavuja. Kuna asubuhi nilikuta matone darini nikaanza kufoka, kumbe ni pumzi za watoto wanane, nao walikuwa wameziba matundu ya hewa kwa skafu. Kwa haki, basi, nyota tatu.

La, ngoja. Kila nikilikumbuka lile swali la yule bwana wa simu damu inanichemka. Mlango wa watoto unafunguliwa mara mia kwa siku, na wao wameushonea zipu ya meno madogo kama ya mkoba! Irudi moja. Mkienda kununua, hata kabla ya kuuliza bei, vuteni zipu mara 20 pale kwenye kona za mlango, ndipo inapokwama. Muuzaji akinuna, mmeshamjua.

Hema bado tunalitumia, na watoto hugombania kulala humo. Koleo linakaa kwenye sanduku la kambi, pamoja na vile vibanio.