Loga ya joto kwenye friji ya chanjo: miezi saba dukani kwangu

Nauza dawa za mifugo Kihonda, Morogoro. Friji yangu ya chanjo si ya hospitali. Ni ya nyumbani, ya mlango mmoja na kijisanduku cha barafu juu, niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Miaka yote hiyo adui niliyemjua ni joto. Umeme ukikatika nusu saa tu, naanza kupiga hesabu: chanjo za kuku za kideri, gumboro, ndui, na vile vichupa vya chanjo ya mafua ya kuku ambavyo nikivimwaga faida ya mwezi imekwenda navyo. Basi nikajikaza, nikatoa laki tatu na themanini kununua loga ya joto. Ni kiboksi cha kushika kiganjani, ndani kina laini ya simu. Kinapima joto la friji kila dakika kumi, kila baada ya saa moja kinatuma vipimo mtandaoni, na mambo yakiharibika kinaniletea meseji palepale. Nilitaka hivi: nikiwa Dumila kwa wateja, umeme ukikatika, nijue.

Usiku wa tatu meseji ikaingia. Umeme ulikuwepo. Joto la friji: nyuzi 1.1 chini ya sifuri.

Nikasema kimeshakufa hiki. Asubuhi nikafungua grafu kwenye simu, na aibu ikanishika. Mchana mstari unacheza kati ya nyuzi 4 na 6, vizuri kabisa. Duka likifungwa unaanza kuteremka kama gari la mboga linalotoka Mgeta, na kufikia usiku wa manane uko chini ya sifuri. Mchana tunafungua mlango kila mara, baridi inatoka. Usiku hakuna anayefungua. Na kitufe cha baridi nilikizungusha mpaka mwisho mimi mwenyewe, eti friji ishibe baridi kabla umeme haujakatika. Chanjo nazo nimezipanga rafu ya juu, chini tu ya barafu, kama wageni wa heshima.

Kwa wasiouza chanjo: zile hai za unga, kama kideri na gumboro, kuganda hakuziui. Chanjo mfu za majimaji ndizo zenye tabu, kama ya mafua ya kuku au ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Ikiganda, hata mara moja, usiitegemee tena, na ikiyeyuka inaweza kukaa kwenye kichupa ikikutazama kama haijapatwa na kitu. Mwaka jana mteja wangu mmoja alirudi analalamika kwamba kuku wake wanavimba uso ingawa amewachanja mafua. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba bila shaka aliwachanja wakiwa wameshaambukizwa.

Turudi kwenye kifaa. Sensa, yaani kile kijidude kinachohisi joto, iko mwisho wa waya mwembamba bapa unaopita kwenye mpira wa mlango bila kuacha mwanya, na kiboksi chenyewe kinabaki nje. Hili ni la maana, kwa sababu friji ni bati, na vifaa vinavyowekwa vizima ndani huhangaika kupata mtandao. Kabla sijakiamini nilikijaribu: nikaponda barafu, nikaijaza kwenye kikombe cha chupa ya chai, maji kidogo, nikachovya sensa na kukoroga. Baada ya dakika kumi kikasoma 0.2. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi sifuri, haina ubishi, kwa hiyo nikaridhika.

Siku ya kwanza nilipata meseji kumi na moja, kila kijana wangu alipofungua mlango. Muuzaji akanielekeza nitumbukize sensa kwenye kichupa cha gliserini, ili ipime joto kama dawa inavyolihisi na si hewa inayopita. Kelele zikaisha. Rafiki yangu nesi naye akanipa mipaka ya vifaa vyao kwenye friji za chanjo za watoto: kengele inalia joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka chini ya hasi 0.5 kwa saa 1. Joto linasubiriwa saa kumi, baridi saa moja tu! Ningelijua hilo miaka ile.

Kasoro zipo. Kubwa ni hii: kifurushi cha laini kiliisha, na kwa siku tatu programu ikaendelea kunionyesha 4.6, namba kubwa ya kijani, nami nikatulia. Ilikuwa namba ya mwisho kutumwa. Tarehe yake imeandikwa chini kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Onyo la kukosa mawasiliano lipo, ila linakuja likiwa limezimwa, lazima uliwashe mwenyewe. Vipimo vya siku hizo havikupotea. Kifaa kilivihifadhi na kuvituma nilipoweka kifurushi.

Halafu saa. Niliona joto linaruka kila siku 05:10, nikaamini kuna mtu anafungua friji alfajiri, nusura nimtolee mlinzi maneno mabaya. Kumbe grafu inafuata saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Ni saa mbili na dakika kumi asubuhi, na ni mimi natoa maziwa ya chai. (Ndiyo, maziwa, kwenye friji ya chanjo. Yamehamishwa.)

Kama unalala hapo hapo dukani, kipimajoto cha kawaida kinachoshika joto la juu na la chini kabisa kingekuonyesha baridi hii hii kwa bei ndogo sana, ilimradi ukisome kila asubuhi. Mimi nasafiri, na kusoma kila asubuhi najijua siwezi. Hela yangu siijutii.

Kitufe sasa kiko katikati, chanjo ziko rafu ya kati, na usiku mstari hauvuki nyuzi 3 kwenda chini. Yule mteja wa kuku wa kuvimba uso nimempa kichupa kizima cha chanjo ya mafua bure. Alishukuru sana. Hakuniuliza kwa nini, na mimi bado sijamwambia.