Kitambaa chekundu au blanketi jeupe: ekzosti ya jenereta ivae kipi?

Karibuni watazamaji. Leo nipo karakana moja hapa Keko, na mezani nina vitu viwili mnavyoniuliza kila siku. Hiki chekundu ni kitambaa cha nyuzinyuzi za kioo kilichopakwa silikoni. Hili jeupe ni blanketi la kauri, unene milimita 25. Muuzaji atakwambia vyote "havishiki moto". Usimwachie hapo, muulize vinahimili nyuzijoto ngapi mfululizo.

Tuanze na chekundu. Kinakunjika vizuri, na maji na mafuta hayapenyi. Ila silikoni yake mwisho ni kama nyuzijoto 260, na kioo cha ndani kama 550. Nakisogeza kwenye moto wa gesi. Mmeona? Moshi, rangi inapauka, na nikikunja hapa panameguka. Kwa bomba la mvuke wa boila sina neno, maana mvuke wa presha ya bar 10 una kama nyuzijoto 180 tu. Lakini ekzosti ya jenereta ya dizeli iliyobeba mzigo inaweza kupita 500. Hapo chekundu peke yake hapana.

Sasa jeupe. Ni nyuzinyuzi za madini ya alumina na silika. Moto upo mbele, kiganja changu kipo nyuma, na bado nimetulia. Kwenye boksi imeandikwa 1260. Jamani, hicho ni kiwango cha maabara, kinapimwa kwa kuangalia blanketi limenywea kiasi gani. Kwa kazi ya kila siku kaa chini ya hapo. Na likivutwa linachanika kirahisi, tazama.

Kwa hiyo mimi nashona koti: jeupe ndani, chekundu nje, na upande unaogusa chuma naweka kitambaa cha silika, kinachohimili karibu 1000. Ufundi huu si wa kubahatisha. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliporuka mwaka 1981 kilikuwa kimefunikwa vigae vingi vya silika, vinavyovunjika ovyo. Baadaye sehemu za juu, zisizopata joto kali sana, vigae vingi viliondolewa yakawekwa mablanketi ya silika yaliyoshonwa kama godoro, yenye kuhimili kama 650. Mepesi, na kuyafunga si kazi. Koti la valvu, yaani la kifaa cha kufungua na kufunga bomba, ni wazo lilelile: fundi akitaka kukaza nati anafungua mikanda, anamaliza, anarudisha. Ukisiliba plasta ngumu, kila matengenezo unavunja.

Kwa Dar kuna jambo nalisisitiza sana, unyevu. Blanketi jeupe linanyonya maji. Paa la kiwanda likivuja, blanketi likalowa, joto linapotea na bomba linaoza chini ya blanketi bila wewe kuona. Kwenye bomba refu, juu yake funga bati la alumini, na maungio ya bati yatazame chini ili maji yasiingie.

Wakati wa kukata, vaa barakoa ya vumbi laini, siyo kitambaa cha kawaida, na glavu na mikono mirefu. Nyuzinyuzi za kauri za aina hii zimewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ipo aina nyingine inayoyeyuka mwilini kwa haraka zaidi. Kama joto lako halizidi uwezo wake, chukua hiyo. Na ukikuta bomba la zamani limevikwa kitu usichokijua, huenda ni asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake husababisha saratani: usikwangue, usipulize kwa kompresa, ita wenye vifaa vya kuiondoa.