Tahadhari: "Mipini ya mpingo" inayotembezwa Njoro na Molo si mpingo

Wakulima wenzangu wa Njoro, Molo na Elburgon, kuna muuzaji anayezunguka na pikipiki akiuza mipini ya majembe na mashoka, myeusi ti, akidai ni mpingo. Akiona unasita, anageuza maneno: basi ni mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, wa msituni. Mpini mmoja shilingi 800, na wa grevilea dukani hauzidi 250. Msinunue! Ule ni mkaratusi mbichi, blugamu hii hii yetu, uliopakwa oili chafu ya gari na rangi ya viatu.

Nimepasua mmoja ulioletwa karakana baada ya kuvunjika. Weusi ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndani mti ni wa waridi iliyopauka, bado una unyevu, na nyuzi zimekatiza mshazari pale pale mpini unapoingia kwenye shoka. Hapo ndipo ulipokatika. Shoka liliruka likagonga ukuta wa jiko, na watoto walikuwa wakicheza uani. Siwezi kunyamaza.

Ujanja wake mkubwa uko kwenye uzito. Watu wanajua mpingo huzama majini hata ukiwa mkavu kabisa, kwa hiyo anautia mpini kwenye karai la maji mbele yako, nao kweli unadidimia. Unadidimia kwa sababu mti mbichi umejaa maji. Jua likishaukausha unakuwa mwepesi, unasinyaa, unapinda, jembe linaanza kucheza, nawe utagonga kabari mpaka uchoke.

Halafu tujiulize, mpingo wa kutembezwa kwa pikipiki unatoka wapi? Ni mti wa nyanda kavu za chini, Ukambani na Pwani huko, unakua polepole mno, na wachongaji vinyago wenyewe wanauhangaikia. Mutamaiyo nao ni mti wa kiasili. Marufuku ya ukataji iliyowekwa 2018 kwenye misitu ya serikali ilipoondolewa 2023, kilichofunguliwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa. Hata kama ungekuwa mutamaiyo wa msituni kweli, angekuwa anakuuzia mti wa wizi kutoka msitu wa Mau.

Ukiletewa, toa kisu ukwangue mpaka upite rangi, kisha tazama kichwa cha mpini pale msumeno ulipopita. Kiini cha mpingo ni cheusi chenye uzambarau hadi katikati, na gamba lake la pembeni, kama limeachwa, ni jeupe la manjano. Mutamaiyo ni wa kahawia wenye michirizi ya giza, laini, vitundu vyake vidogo huvioni kwa macho. Vya mkaratusi utaviona. Na nusa: oili chafu haifichiki.

Simaanishi mkaratusi ni mti mbaya. Uliokaushwa vizuri, nyuzi zikiwa zimenyooka kutoka juu hadi chini, unatoa mpini wa kutegemewa, lakini uuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kama tayari unao, usiutumie kwenye shoka wala sururu. Uhifadhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa uliomlipa nao, maana anabadilisha namba kila mara, kisha ukaripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu nawe.