Joomla kwa anayeanza: kurasa za memba inazifunga vizuri, mafaili yako ndo uyaangalie

Mtu anaanza kutengeneza saiti ya chama au ya darasa, na swali la kwanza ni lilelile, nafanyaje ili kurasa fulani wazione memba tu na mgeni akipita asizione? Mimi siku hizi najibu Joomla, programu ya bure ya kutengenezea na kuendeshea saiti, na najua wengi watakimbilia mwenzake WordPress kwa sababu ndo jina wanalolijua. WordPress ni nzuri, kuanza nayo ni rahisi sana, ila kwa hili la memba ukiichukua kavukavu bila kuiongezea kitu haikupi mengi. Unaweza kuipa posti paswedi moja wanayotumia watu wote, na ikivuja ndo imevuja, au uiweke Private ambayo wanaoiona ni admini na wahariri tu, memba wa kawaida hata akilogini haioni. Zaidi ya hapo ni plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, na plagini za memba ziko kibao kila moja na mipangilio yake, anayeanza anapotelea hapohapo.

Kwa Joomla kazi hiyo imo ndani kabisa tangu toleo la 1.6 la mwaka 2011. Unakuta vitu viwili, makundi ya watumiaji na ngazi za kuona, na ukishaelewa tofauti yake umemaliza nusu ya safari. Kundi linasema huyu mtu ni nani, ngazi inasema makundi gani yaone kitu hiki. Kila makala, kategoria, menyu na moduli (vile visanduku vya pembeni mwa ukurasa) ina sehemu ya Access, pale unachagua ngazi tu. Public ni watu wote, Registered ni yeyote aliyelogini, na Guest ni ya wale ambao hawajalogini, hii naipenda sana kwa sababu menyu ya "Jiunge" ukiiweka Guest inapotea yenyewe mtu akishaingia. Unataka kamati peke yake iwe na kurasa zake? Tengeneza kundi la Kamati chini ya Registered, halafu tengeneza ngazi mpya, tiki lile kundi, basi, wanakamati wataona vya memba wote pamoja na vyao.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo wanaoanza wengi wanapoangukia. Kuficha menyu sio kufunga makala! Menyu ukiiweka Registered na makala yenyewe ukaiacha Public, mgeni haoni ile menyu lakini makala anaweza kuifikia kwa kutafuta ndani ya saiti au kupitia kategoria yake, ni kama umefunga mlango dirisha ukaliacha wazi. Funga kategoria. Makala zote zilizo ndani yake zinafungika hapohapo hata kama mojamoja zimeandikwa Public, na hata ukisahau kesho unapoongeza makala mpya inakuwa salama.

Kubwa zaidi ni mafaili. Piedeefu ya kumbukumbu za kikao ukiipandisha kawaida inakaa kwenye folda iliyo wazi kama images, na ngazi za kuona hazigusi mafaili ya humo, mwenye linki anaifungua bila kulogini hata kama makala yenye linki imefungwa. WordPress nayo iko hivyohivyo na folda yake ya uploads. Kama una nyaraka za siri weka ekstensheni (ndo plagini za Joomla) ya kupakua mafaili inayokagua mtu kwanza kabla ya kumpa, tena uhakikishe mafaili yanakaa mahali ambapo linki ya moja kwa moja haifiki. Hili kwangu ndo pungufu kubwa, maana anayeanza hana namna ya kulijua, skrini inamwambia imefungwa na yeye anaamini.

Upande wa ruhusa, yaani nani aandike na nani ahariri, ile skrini ina miraba mingi na inatisha kidogo, ushauri wangu ni iache kama ilivyo. Ukiweka Denied, yaani amekatazwa, kwa kundi la juu, makundi yote ya chini yake yanazuiwa na huwezi kuyafungulia hukohuko chini. Na usimpe mtu Super User, yaani mamlaka yote ya saiti, kwa sababu tu ameomba.

Usajili uangalie kabla hujaita watu. Ukiruhusu watu wajisajili wenyewe chagua admini ndo awathibitishe, la sivyo Registered inakuwa ya yeyote mwenye imeili na neno memba halina maana tena. Imeili za kuthibitisha nazo lazima ziwe zinatoka, kitufe cha kutuma imeili ya majaribio kipo kwenye mipangilio mikuu, kibonyeze mapema. Halafu tengeneza akaunti ya memba wa kawaida, ingia nayo kwenye brauza nyingine, na dirisha la faragha lifungue kama mgeni, ndo utajua nani anaona nini, ukiwa umeingia kama admini huwezi kujua kwa sababu wewe unaona karibu kila kitu.

Kama unachotaka ni memba walipe ada na akaunti ijifunge muda ukiisha, Joomla yenyewe haina hiyo, itabidi uongeze ekstensheni, na hapo haikuzidishii kitu kuliko WordPress yenye plagini yake. Ila kwa kikundi ambacho memba wanajulikana na mtu mmoja anawaidhinisha, naichagua Joomla bila kusita.